Amplifaya ya vali inasumbua? Pima kwanza, vali ununue baadaye

Amplifaya ya stereo ya vali ikikosa adabu, hukumu huwa moja: vali zimekufa. Vali, ile chupa ya kioo yenye hita ndani, ndiyo sehemu inayoonekana, inang'aa, na inang'oka kwa mkono, kwa hiyo ndiyo inayobebeshwa lawama. Mtu anaagiza EL84 nne (vali za nguvu) na ECC83 tatu (vali ndogo) kutoka ng'ambo, anasubiri wiki kadhaa, anazichomeka, na mvumo uko pale pale. Mbaya zaidi, vali mpya nazo zinaiva nyekundu na kufa kabla ya mwezi kuisha, kwa sababu kilichoua zile za kwanza hakikuguswa.

Mashine zinazozungumziwa hapa ni zile za miaka ya 1950 na 1960: Leak Stereo 20 na wenzake wa Uingereza, amplifaya zilizong'olewa kwenye redio-gramu za Grundig, Philips na Pye, na mara moja moja Dynaco ST-70 iliyokuja na mizigo ya mtu kutoka Marekani. Zina zaidi ya miaka hamsini. Katika umri huo kapasita za karatasi zinavuja, kapasita za kuchujia zimekauka, soketi zimeota kutu, na vali za zamani zenye chapa ya Mullard mara nyingi bado zina nguvu. Usizitupe.

Kabla ya kugeuza bati

Chini ya bati, yaani chasi ya chuma inayobeba vipuri, kuna volti 300 hadi 450 za DC. Hizo zinaua, na zinabaki kwenye kapasita hata plagi ikiwa imechomolewa. Tengeneza kifaa cha kuzimwaga: rezista ya 10 kΩ, wati 5, iliyolehemewa kati ya waya mbili zenye ganda nzuri. Mwisho mmoja uwe na klipu ya meno ya kubana kwenye bati, mwisho wa pili ncha ya kugusia. Chomoa plagi ukutani, gusa upande wa chanya wa kila kapasita kubwa kwa sekunde 10, kisha pima kwa mita. Mkebe mmoja unaweza kuwa na kapasita mbili au tatu ndani, kila moja na mguu wake, kwa hiyo gusa miguu yote. Pima tena baada ya dakika moja, maana kapasita ina tabia ya kujirudishia volti kidogo baada ya kumwagwa.

Kipimo chochote mashine ikiwa imewaka, klipu ya waya nyeusi ya mita ibanwe kwenye bati kabla ya kuwasha, na mkono wa kushoto ukae mfukoni. Mita iwe ya volti 600 au zaidi, na nyaya zake zisiwe na mipasuko. Mtu mwingine awe karibu, awe anajua swichi ya ukutani iko wapi.

Usiwashe bila spika. Amplifaya ya transista huvumilia kuachwa wazi. Ya vali, sauti ikipita bila mzigo, volti zinapanda ndani ya transfoma ya spika hadi ganda la nyaya zake linatobolewa. Kama hutaki kuhatarisha spika zako, tumia rezista ya 8 Ω, wati 20 au zaidi, moja kila upande.

Halafu angalia waya ya stima. Nyingi za mashine hizi zilitoka kiwandani na waya mbili tu, bila athi, na mpira wake sasa unabomoka ukiukunja. Weka waya mpya yenye nyuzi tatu, athi ibanwe kwenye bati kwa boliti yake peke yake, na fyuzi ya plagi iwe 3 A, si ile ya 13 A inayokuja na plagi. Rangi ndizo hupoteza watu. Waya ya zamani ya Uingereza: nyekundu ni moto, nyeusi nyutro, kijani athi. Ya kisasa: kahawia ni moto, buluu nyutro, kijani yenye mstari wa njano ni athi. Ya Marekani: nyeusi ndiyo moto na nyeupe nyutro. Nyeusi ya London na nyeusi ya Chicago si nyeusi moja.

Dalili: haiwaki, au inakata fyuzi

Jaribu soketi ya ukutani kwa taa ya mezani. Kagua fyuzi ya plagi, kisha fyuzi ya mashine yenyewe, kisha kile kidude cha kuchagulia volti nyuma ya bati. Kwa Nairobi kikae kwenye 240, au kwenye nafasi inayobeba 240, kama 225–250. Bamba la nyuma likisema 117 V 60 c/s peke yake, hiyo ni mashine ya Marekani na haichomekwi ukutani moja kwa moja. Inataka transfoma ya kushusha volti. Hata hivyo itapata moto zaidi ya ilivyokuwa kwao, kwa sababu stima yetu ni ya hezi 50, na transfoma iliyopimwa kwa 60 hufanya kazi kwa shida ikiletwa 50. Ipe nafasi ya kupumua, usiiweke ndani ya kabati.

Toa fyuzi ya kioo uishike dhidi ya mwanga. Uzi uliokatika katikati kwa usafi ni uchovu, au mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu. Kioo kilichopakwa rangi ya fedha au nyeusi ni shoti kali. Fyuzi ya kwanza unaweza kubadilisha na kujaribu. Ya pili ikikatika vivyo hivyo, usiweke ya tatu, na usithubutu kuifunga kwa karatasi ya sigara au uzi wa waya. Ukifanya hivyo, transfoma ya stima ndiyo inageuka fyuzi, na hiyo haipatikani dukani.

Hapa ndipo unahitaji balbu. Nunua holda na balbu ya nyuzi ya wati 100, ile ya zamani ya kioo na uzi wa moto. Ya LED haifai kwa kazi hii. Unganisha balbu katikati ya waya ya moto ya ekstensheni, ili stima ipite kwenye balbu kabla ya kufika kwa amplifaya. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na mashine inapona.

Chomoa vali zote, washa. Balbu imulike mara moja kisha ififie karibu kuzima. Ikibaki kali bila vali hata moja, tatizo liko kwenye nyaya za stima, kwenye kapasita ndogo iliyofungwa kwenye njia ya stima, au ndani ya transfoma. Anza na ile kapasita: lehemua mguu mmoja, jaribu tena. Ile inayotoka kwenye stima kwenda kwenye bati iondoe kabisa. Ikipasuka inaligeuza bati zima kuwa waya ya moto. Ukilazimika kurudisha kitu pale, iwe ya daraja la Y2; ile inayokaa kati ya moto na nyutro iwe X2. Nyingine yoyote hapana.

Balbu ikififia vizuri, rudisha vali zote isipokuwa rektifaya, ile inayogeuza AC kuwa DC (GZ34 au EZ81). Balbu sasa itang'aa kiasi, ni hita za vali zinazokula. Mwishowe rudisha rektifaya uhesabu. Balbu ikipanda kwa ghafla baada ya sekunde 10 hadi 20, volti kubwa imefika mahali ikakuta shoti. Zima, mwaga, toa vali za nguvu, jaribu tena. Ikipanda vile vile, ni kapasita za kuchujia, au rektifaya yenyewe. Isipopanda, ruka hadi sehemu ya anodi nyekundu.

Kapasita za kuchujia za umri huu zibadilishwe. Wapo wanaoshauri kuziamsha polepole kwa kupandisha volti kidogo kidogo siku nzima. Kwa mashine yenye rektifaya ya vali njia hiyo ina kasoro, kwa sababu rektifaya haipitishi kitu mpaka hita yake ipate joto, halafu volti zinakuja zote kwa pamoja. Hata ikifanikiwa, umepata kapasita ya mwaka 1960 inayofanya kazi leo, kesho haijulikani. Penye 32 µF weka 33 au 47 µF, volti 450 au 500 kulingana na ile iliyokuwepo, ya nyuzi joto 105. Usijitie ukarimu ukaweka 220 µF ati mvumo uishe kabisa: GZ34 inaruhusu kapasita ya kwanza isiyozidi 60 µF, EZ81 isiyozidi 50. Ukizidisha, kila ukiwasha rektifaya inapigwa na mkondo mkubwa hadi inapiga cheche ndani.

Jambo moja la hapa kwetu. Stima ikipotea na kurudi baada ya sekunde mbili tatu, rektifaya bado ni moto na kapasita zimeshashuka. Mkondo unaoingia hapo ni mkali kuliko wa kuwasha kwa kawaida. Stima ikipotea, zima swichi ya amplifaya, washa tena ikishatulia dakika chache. Gadi ya friji inayochelewesha stima kurudi inafanya kazi hiyo hiyo kama una tabia ya kusahau.

Dalili: mvumo kwenye spika

Punguza sauti hadi sifuri. Mvumo ukipungua pamoja na sauti, unaingia kabla ya kitufe cha sauti: waya za kuingizia, pleya ya santuri, au vali ndogo ya kwanza. Usipobadilika, uko baada yake.

Kisha sikiliza kimo. Kuna mvumo wa hezi 50 na wa hezi 100, na tofauti yake inakuokolea nusu ya kazi. Mpiga besi anaweza kuutambua kwa gitaa: uzi mwembamba wa G, ukiachwa wazi, ni hezi 98, karibu sawa na mvumo wa 100. Uzi mnene wa E ukibanwa freti ya tatu ni hezi 49. Asiye na gitaa atafute programu ya kutoa toni kwenye simu, lakini asikilize kwa vidude vya masikioni, kwa sababu spika ya simu haifiki huko chini.

Mvumo wa 100 ni wa kapasita za kuchujia, karibu kila mara. Pima AC kwenye kapasita ya kwanza, halafu kwenye inayofuata baada ya choki (koili ya kuchujia) au rezista. Volti kumi na kitu kwenye ya kwanza si ajabu. Baada ya choki zinapaswa kushuka mara 10 au zaidi. Zisiposhuka, kapasita ya pili imekauka. Kuna ujanja wa kugusisha kapasita nyingine sambamba na ile mbovu mashine ikiwa inanguruma. Usiufanye. Zima, mwaga, bana kwa klipu, washa.

Kuna chanzo kingine cha mvumo wa 100 kinachosahaulika: vali mbili za nguvu za upande mmoja hazivuti sawa. Zikiwa sawa, mabaki ya mvumo yanafutana ndani ya transfoma ya spika. Zikitofautiana yanatoka nje. Pima volti za kathodi (sehemu inayotoa mkondo ndani ya vali) za kila moja kama zina rezista tofauti. Tofauti ya asilimia 20 inasikika.

Mvumo wa 50 una vyanzo vingi, na vingi havina gharama. Chomoa kila kitu kinachoingia: televisheni, dekoda, laptopu inayochajiwa. Ukiisha, ulikuwa mzunguko wa athi, vifaa viwili vikipeana athi kupitia waya ya sauti. Jaribu simu isiyo kwenye chaji uone kama unarudi. Dawa ni kuchomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au kununua transfoma ndogo ya kutenganisha sauti. Dawa si kukata athi kwenye plagi, hata kama kuna anayesema "mimi hukata na sijawahi pigwa".

Pleya ya santuri ina waya nyembamba ya athi, mara nyingi nyeusi au kijani, inayobanwa kwenye skrubu nyuma ya amplifaya. Ikining'inia, utapata mvumo wa 50 bila kukosa.

Kama hakuna kilichochomekwa na mvumo wa 50 upo, ni njia ya hita. Katika saketi nyingi kuna rezista mbili za 100 Ω, kila moja ikitoka kwenye waya mmoja wa hita kwenda kwenye bati. Vali ya nguvu ikipata shoti ya ndani, rezista hizo huungua kama fyuzi, na hakuna anayezitazama. Mashine ikiwa imezimwa na vali zote zimetolewa, lehemua mguu mmoja wa kila rezista na upime. Iliyo nyeusi hata usiipime.

Dalili: anodi inaiva nyekundu

Zima. Usimalize wimbo. Katika chumba chenye giza, anodi, kile kibati cha kijivu ndani ya vali ya nguvu, haipaswi kuonyesha wekundu wowote. Kinachong'aa ni hita ya katikati tu, kwa rangi ya chungwa. Anodi ikianza kuona haya, vali ina dakika chache, na transfoma ya spika inafuata.

Nafasi ya kwanza kwa mbali ni kapasita inayopitisha sauti kutoka vali ndogo kwenda gridi ya vali ya nguvu, yaani wavu wa ndani unaozuia mkondo wake. Upande wake mmoja una volti 200 na zaidi, upande wa pili unapaswa kuwa sifuri. Za karatasi na nta zikizeeka zinavuja kidogo sana, na kidogo hicho kinatosha. Hesabu: kapasita yenye upinzani wa 100 MΩ na volti 250 kichwani inavuja mikroampia 2.5. Mkondo huo ukipita kwenye rezista ya gridi ya 470 kΩ unaacha karibu volti 1.2 chanya. EL84 inayotegemea kama volti 10 za kujizuia imeshapoteza sehemu ya breki yake. Mita ya kawaida ukiipimia kapasita hiyo kwa omu, itakuambia iko wazi kabisa, nzima, kwa sababu betri ya mita haiwezi kusukuma kitu kupitia 100 MΩ. Ndiyo maana mafundi wengi hupima, wakaridhika, wakaagiza vali.

Ipime kwa volti za mashine yenyewe. Zima, mwaga, toa vali ya nguvu, acha zingine. Bana waya nyekundu ya mita kwenye pini ya gridi (pini 2 kwa EL84, pini 5 kwa EL34), nyeusi kwenye bati, washa, subiri dakika mbili. Kwa mashine yenye rezista ya kathodi unataka sifuri, au milivolti chache. Nusu volti chanya: toa kapasita hiyo na dada zake wote watatu. Weka za polipropilini, thamani ile ile (0.1 au 0.22 µF kwa kawaida, 0.25 ya zamani inabadilishwa na 0.22), volti 630. Ni kapasita nne, na bei yake yote haifiki ya vali moja.

Sasa rudisha vali upime tena pini ile ile. Bila vali ilikuwa sifuri, na vali ikiwemo inapanda polepole kadiri inavyopata joto? Basi hapo kweli vali ina gesi, na imejihukumu yenyewe. Hiki ndicho kipimo pekee kinachokupa ruhusa ya kununua. Dalili nyingine ya vali iliyoingiza hewa huhitaji mita kuiona: lile doa la fedha juu ya kioo linakuwa jeupe kama maziwa.

Gridi ikiwa safi, nenda kwenye kathodi (pini 3 kwa EL84, pini 8 kwa EL34). Saketi nyingi za EL84 zina rezista ya 270 Ω kwa kila vali. Ukipata volti 10.5 juu yake, mkondo ni 10.5 ÷ 270, yaani miliampia 39. Toa kama 4 za skrini (gridi ya pili ya vali), zibaki 35. Anodi ikiwa na volti 300 juu ya kathodi, ni wati 10.5, na EL84 inabeba 12. Sawa. Ukipata karibu sifuri, kapasita ndogo iliyo sambamba na rezista imepata shoti, na vali haina breki hata kidogo.

Mashine zenye volti hasi kwenye gridi, kama Dynaco ST-70, zina hadithi yake. Pima pini 5 ya kila EL34 kabla ya kuchomeka vali: tarajia kati ya −30 na −40. Ukikosa, rektifaya ya seleniamu au kapasita za 50 µF za saketi hiyo zimekwisha. Weka diodi ya silikoni na kapasita mpya, zingatia upande, kwa sababu hapa chanya ndiyo inayokwenda kwenye bati. Ikishatulia, rekebisha hadi 1.56 V kwenye kila upande. Rezista ya pale ni 15.6 Ω na inabeba vali mbili, kwa hiyo ni miliampia 100, hamsini kila moja.

Mwisho, pima AC ya hita: 6.3 V. Ukikuta 6.9, kidude cha volti kiko nafasi ya 220 ilhali ukuta unatoa 240 na ushee, na volti kubwa nazo zimepanda kwa kiasi hicho hicho.

Dalili: mikwaruzo, milipuko midogo, mlio ukigusa

Chukua kijiti kikavu cha mshikaki. Sauti ikiwa chini, gonga taratibu kila vali, kisha kila soketi. Vali ndogo inayolia kama kengele imelegea ndani. Ihamishie mahali pasipo na ukuzaji mkubwa, au upande mwingine, uone kama mlio unaifuata. Mikwaruzo ikija ukigusa soketi, vali haina hatia. Zima, mwaga, puliza dawa ya kusafishia kontakti kwenye pini, chomeka na kuchomoa mara tano sita, na ubane makucha ya soketi kwa sindano kama yameachama. Mafuta ya kulegeza kutu yale ya gereji yanaacha utando unaonasa vumbi. Usitumie.

Kitufe cha sauti kinachokwaruza kikizungushwa, dawa hiyo hiyo ndani yake na mizunguko 20. Kikikwaruza baada ya hapo, pima kama kuna DC juu yake. Ikiwepo, kapasita ya kabla yake inavuja.

Mikwaruzo isiyotegemea kuguswa, kama mafuta yanayokaanga, ni rezista za anodi za vali ndogo, za kaboni, 100 kΩ au 220 kΩ. Hizi zikizeeka hupanda thamani. Kwa bahati nzuri unaweza kuzipima bila kuzilehemua: zilizo sambamba nayo zinaweza kushusha namba ya mita, haziwezi kuipandisha. Kwa hiyo 100 kΩ inayosoma 135 imekwisha, hakuna mjadala. Weka ya filamu ya metali, wati 1 au 2.

Geuza bati pia utazame. Joto la vali linawapendeza mende, na mayai yao kati ya pini za soketi yanapitisha umeme vya kutosha kutoa milipuko. Brashi kavu na spiriti.

Dalili: upande mmoja kimya

Hii ni ya haraka. Badilisha nyaya za spika kushoto na kulia, mashine ikiwa imezimwa. Kimya kikihama, ni spika au waya yake. Kisipohama, badilisha plagi za kuingiza, kisha vali ndogo za pande mbili, kisha za nguvu. Kisichohama kabisa kimo ndani ya saketi. Pima DC za upande mzima na upande kimya, pini kwa pini, uziandike sambamba. Upande mzima ndio mchoro wako. Anodi yenye sifuri ina rezista iliyokatika au transfoma ya spika iliyokatika. Transfoma ipime ikiwa baridi na kapasita zimemwagwa: kila nusu ya upande wa vali iko kati ya makumi na mamia ya omu, na ya kushoto na kulia zifanane. Isiyosoma kitu imekatika.

Dalili: inaanza vizuri, baada ya nusu saa sauti inapasuka

Kapasita za kupitisha sauti tena, zinavuja zaidi zikipata joto. Rudia kile kipimo cha gridi baada ya dakika 30, si mbili. Kama si hizo, rektifaya imechoka: volti kubwa inashuka kwa makumi sauti ikipanda. Na usisahau spika: mashine za Uingereza huandika 15 au 16 Ω, na ukiifunga hapo spika ya kisasa ya 4 Ω, vali zinafanya kazi kwa mzigo usio wao.

Hapa acha, mpigie fundi

Lami au nta inayotoka kwenye transfoma. Transfoma ya stima isiyoshikika kwa sekunde tatu. Cheche ndani ya vali ya nguvu. Balbu inayobaki kali vali zote zikiwa nje na ile kapasita ya stima imetolewa. Transfoma ya spika iliyokatika. Anodi nyekundu ingawa gridi na kathodi zinapima vizuri: hapo huenda saketi inapiga mlio usiosikika na sikio, na bila osiloskopu ni kubahatisha. Bati linalokutekenya vidole ni la kuchomoa sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma. Na kama hujawahi kupima volti 400 zikiwa hai, usijifunzie kwenye mashine hii. Fanya usafi, kagua fyuzi na nyaya, mengine mwachie aliyezoea. Fundi mzuri utamjua kwa swali lake la kwanza. Atauliza inafanya nini, hatakutajia bei ya vali.

Vipuri vingi visivyo vali vinapatikana Luthuli Avenue. Kapasita za 450 V pale zimo mpya na zimo zilizong'olewa kwenye bodi za televisheni; miguu mifupi yenye alama ya risasi inakuambia ipi ni ipi. Nenda na mita inayopima kapasita, pima kaunta kabla ya kulipa. Vali utaagiza: JJ ya Slovakia na za Urusi na China ndizo zinazotengenezwa sasa, na za nguvu zinunuliwe kwa jozi zilizolinganishwa.

Ukishamaliza, washa kupitia balbu kwanza, kisha moja kwa moja, spika zikiwa zimefungwa na sauti chini. Andika volti za kathodi za vali zote nne baada ya dakika 5, dakika 30 na saa 2, kwenye kipande cha karatasi utakachokibandika ndani ya bati pamoja na tarehe. Rudia kesho yake jioni, saa ambazo stima ya mtaa huyumba zaidi. Namba zikikaa pale pale, funga skrubu za chini.